Majina Ndani ya Bahasha

Maneno niliyosema mbele ya wanafunzi wa diplomasia na uhusiano wa kimataifa, Dar es Salaam

Ndugu mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wanafunzi wetu, na ninyi wageni mliotoka kazini mkaja moja kwa moja hapa bila hata kupitia nyumbani: itifaki imezingatiwa. Asanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie uhusiano wa India na Pakistan. Mada hii aghalabu huanzia juu, kwenye mabomu ya nyuklia, majenerali na mikutano ya New York. Leo mniruhusu nianzie chini, kwenye maji ya chumvi, kwa kuwa huko ndiko nilikolelewa.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Wete, Pemba. Nikiwa darasa la tano, usiku mmoja mashine ya mashua yao ilizima. Wakavuta kamba mpaka viganja vikachubuka, haikuwaka. Mkondo ukawachukua. Alfajiri ya siku ya pili wakajikuta mbele ya Vanga, upande wa Kenya, watu watano, hawana pasi, hawana kitambulisho, wawili hawana hata shati. Watu wa Vanga wakawapa uji, wakawatafutia plagi, wakawajazia dumu la maji, na kesho yake wakawasukuma majini. Baba alirudi na kikapu cha maembe. Kwa miaka mingi, kila tukila embe nyumbani, alikuwa akisema: tamu, lakini si kama za Vanga.

Ukubwani, nilipoanza kusoma habari za wavuvi wa Gujarat, India, na wa Sindh, Pakistan, ndipo nilipoelewa uzito wa ule uji.

Mvuvi wa Porbandar au Veraval, upande wa India, mashine yake ikizima jirani na Pakistan, au akiifuata samaki akavuka mstari asiouona, anakutana na doria. Mashua inafungwa kamba na kuvutwa mpaka Karachi. Yeye anapelekwa gereza la Malir. Na mvuvi wa Ibrahim Hyderi, kile kitongoji cha wavuvi cha Karachi, au wa Thatta kule kwenye delta ya mto Indus, akipotelea upande wa pili yanamkuta yaleyale, ila gereza ni la Gujarat. Hukumu yenyewe mara nyingi ni ya miezi. Tatizo ni kwamba miezi ikiisha, mlango haufunguliwi. Mtu ameshamaliza kifungo chake, na bado amekaa, kwa sababu serikali yake haijathibitisha kwamba ni wake.

Sasa nataka niwaonyeshe karatasi moja. Ukitaka kujua hali ya nchi hizi mbili, isome hii kabla ya hotuba za mawaziri wakuu.

Mwaka 2008, tarehe 21 Mei, India na Pakistan zilitia saini makubaliano ya huduma za kibalozi kwa wafungwa. Tangu hapo, mara mbili kwa mwaka, Januari mosi na Julai mosi, kila upande humkabidhi mwenzake orodha ya raia wa huyo mwenzake unaowashikilia. Orodha hutolewa siku hiyohiyo New Delhi na Islamabad. Julai mosi 2025, India ilitoa majina ya wafungwa wa kiraia 382 na wavuvi 81. Pakistan ilitoa majina ya wafungwa wa kiraia 53 na wavuvi 193. Tarehe hiyo naomba muikumbuke, kwa sababu mwezi Mei wa mwaka uleule nchi hizi zilikuwa zinarushiana makombora. Mabalozi hawapo. Mpaka umefungwa. Anga limefungwa. Lakini Julai mosi imefika, na bahasha zimepita.

Ndani ya taarifa ile kuna maneno ambayo nimeyasoma mara nyingi sana. Haisemi tu wavuvi 193 ambao ni Wahindi. Inasema ni Wahindi, au wanaodhaniwa kuwa Wahindi. Wanaodhaniwa. Fikirini mtu amezaliwa, ameoa, amezaa, amezamia nyavu miaka thelathini, na leo yumo kwenye karatasi ya serikali mbili kama mtu anayedhaniwa. Siku hiyohiyo India ilitaka waachiwe wavuvi na wafungwa wa kiraia 159 ambao walikwisha kumaliza vifungo vyao.

Wanafunzi wangu huniuliza: mwalimu, kwa nini wavuvi hawa hawakai upande wao? Jibu lenyewe ni kwamba hakuna anayeweza kuwaonyesha upande wao unaishia wapi.

Kati ya Gujarat na Sindh kuna hori inaitwa Sir Creek, ina urefu wa kilomita 96, tope, chumvi na mikoko. Mwaka 1914, enzi za Waingereza, mtawala wa Kutch, eneo ambalo leo limo Gujarat, na serikali ya Sindh walipatana kuhusu mpaka wao hapo. Waliacha maandishi na ramani. Leo Pakistan inaishika ramani, inaonyesha mstari wa kijani kwenye ukingo wa mashariki, inasema hori yote ni yangu. India inayashika maneno ya hati ileile, inasema mpaka ni katikati ya mkondo wanapopita wenye vyombo. Hati ni moja! Na hori nayo haikai, kila mwaka tope linahama. Sasa, kama mpaka wa nchi kavu haujulikani unapogusia bahari, mpaka wa baharini utaanzia wapi? Ndiyo maana eneo zima la mbele yake, lenye samaki wazuri, ni mtego. Mwaka 2007 walipima hori kwa pamoja. Mazungumzo rasmi ya mwisho yalikuwa Juni 2012. Tangu hapo, kimya. Na Oktoba 2025 waziri wa ulinzi wa India akiwa Kutch alionya kwamba njia moja ya kwenda Karachi inapita kwenye hori ile. Hori ya wavuvi imeshatajwa kama njia ya jeshi.

Sisi wa mwambao huu hatuwezi kulitazama eneo lile kama la watu wageni. Majahazi ya Kutch na Sindh yalikuwa yakishuka na kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, yakirudi na kusi. Kikutchi kimesemwa kwenye maduka ya Unguja kwa vizazi. Na kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui: wapo watu wenye asili ya Afrika, Wasidi, ambao mababu zao walichukuliwa kutoka pande zetu, wengi wao utumwani. Wengine wako Gujarat. Wengine wako Karachi na Sindh. Mpaka wa 1947 uliwapasua na wao. Kwa hiyo mnapoona mstari ule kwenye ramani, jueni umekata na damu yetu.

Mstari wenyewe ulichorwaje? Mwingereza mmoja, mwanasheria, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kukanyaga India, aliwasili Julai 1947 akapewa kama wiki tano agawe Punjab na Bengal. Pakistan ikapata uhuru tarehe 14 Agosti, India tarehe 15, na mpaka ukatangazwa tarehe 17. Watu walisherehekea uhuru bila kujua wamo nchi gani. Zaidi ya watu milioni 12 wakahama, na waliouawa ni mamia ya maelfu. Wapo wanaokadiria milioni moja na zaidi. Kashmir ikabaki kidonda, vita vya kwanza vikapiganiwa palepale mwaka huohuo. Historia hii mmeisoma darasani, sitaikalia.

Nitakalia maji, kwa sababu maji ndiyo yanayotuunganishia Kashmir na yule mvuvi.

Mto Indus unaanzia Tibet, unapita Ladakh, unashuka Pakistan yote, na baada ya karibu kilomita 3,000 unamwagikia baharini kwenye delta iliyo jirani na hori yetu ile. Mstari wa Radcliffe uliikata mifereji ya umwagiliaji ya Punjab kama mtu anayekata mshipa: lango la maji likabaki India, shamba likabaki Pakistan. Tarehe 1 Aprili 1948 upande wa India ukafunga lango. Mashamba yakakauka kwa wiki kadhaa mpaka wakapatana mwezi Mei. Hofu ile haijatoka Pakistan mpaka leo. Mkulima wa kule akisikia neno maji na neno India kwenye sentensi moja, anamkumbuka babu yake.

Benki ya Dunia ikaingia kati. Yakafanyika mazungumzo ya karibu miaka 9. Tarehe 19 Septemba 1960, mjini Karachi, waziri mkuu wa India Jawaharlal Nehru na rais wa Pakistan Ayub Khan wakatia saini Mkataba wa Maji ya Indus. Mito mitatu ya mashariki, Ravi, Beas na Sutlej, ikaenda India. Mitatu ya magharibi, Indus, Jhelum na Chenab, ikaenda Pakistan, huku India ikiruhusiwa matumizi fulani ya mipaka, kama kufua umeme bila kuzuia mto. Wakaunda tume ya kudumu, kila nchi na kamishna wake, wakutane walau mara moja kwa mwaka, wapeane takwimu za mtiririko na taarifa za mafuriko.

Mkataba huu ulivuka vita vya 1965. Ukavuka vya 1971, vilivyozaa Bangladesh. Ukavuka vita vya Kargil mwaka 1999, vilivyokuja miezi michache tu baada ya waziri mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, kupanda basi kwenda Lahore kumkumbatia mwenzake wa Pakistan, Nawaz Sharif. Majeshi yanapigana, makamishna wa maji wanaandikiana barua. Nimefundisha somo la mikataba kwa miaka mingi na kila mwaka niliutaja huu kama mfano wa kazi iliyofanywa sawasawa.

Tarehe 22 Aprili 2025 watu wenye bunduki waliingia kwenye uwanda wa Baisaran, karibu na Pahalgam, Kashmir inayotawaliwa na India, mahali wanapokwenda watalii kupanda farasi na kupiga picha. Wakaua watu 26. Wanaume walichaguliwa kwa dini yao, wakapigwa risasi mbele ya wake zao. Sitaki mtu yeyote humu ndani aipite habari hii haraka. Msiba ule ulikuwa mzito, na hasira ya Wahindi ilikuwa ya haki.

Kesho yake India ikasema walioua wana mkono wa Pakistan, Pakistan ikakana na ikataka uchunguzi huru. Na hapo zikaanza kukatwa nyuzi. Hesabuni nami. Mkataba wa Indus, India ikauweka kando. Kituo cha mpakani cha Attari, kinachotazamana na Wagah, kikafungwa. Viza zikafutwa. Maofisa wa ubalozi wakapunguzwa kutoka 55 hadi 30. Pakistan ikajibu: anga likafungwa kwa ndege za India, biashara ikasitishwa, Mkataba wa Simla wa 1972, ule wa amani baada ya vita vya 1971, nao ukasemwa unaweza kuwekwa kando, na ikatangazwa kwamba kuyageuza maji ya mto kutahesabiwa ni kitendo cha vita. Yote hayo siku mbili!

Na kumbukeni nyuzi zenyewe zilikuwa zimebaki chache. Mabalozi walikwisha kuondoka tangu Agosti 2019, India ilipoifutia Kashmir hadhi yake maalumu, na mpaka leo kila ofisi inaongozwa na kaimu. Treni ya Samjhauta, iliyokuwa ikipita Attari tangu 1976, nayo ilisimama Agosti ileile. Umoja wa nchi za Asia Kusini, SAARC, ulioundwa Dhaka mwaka 1985, wakuu wake wa nchi walikutana mara ya mwisho Kathmandu mwaka 2014. Mkutano wa Islamabad wa 2016 ulivunjika kabla ya kuanza.

Tarehe 7 Mei India ikashambulia. Siku nne za makombora, droni na ndege za kivita, nchi mbili zenye silaha za nyuklia. Dunia ikashika roho mkononi.

Vikaishaje? Marekani ilitangaza kwamba imesuluhisha, India ikasema walizungumza wenyewe kwa wenyewe, na ubishi huo haujaisha. Mimi nawataka mtazame kifaa. Tarehe 10 Mei, saa 9 na dakika 35 alasiri kwa saa za India, mkuu wa operesheni za kijeshi wa Pakistan alimpigia simu mwenzake wa India. Wakapatana risasi zikome saa 11 jioni. Simu hiyo ya moja kwa moja kati ya makao makuu mawili ya majeshi ni ya miaka mingi, na ilibaki hai. Kama katika ule ukataji wa Aprili mtu angeamua na hii nayo ikatwe, ili kuonyesha ukali, ile alasiri wangepigiana nini?

Mwezi Agosti mvua za masika ya kule zikaja kwa hasira. Tarehe 24 India iliona mto Tawi, huko Jammu, unafurika, na maji yanaelekea Pakistan. Kwa utaratibu wa 1960, kamishna wa maji anamwarifu kamishna mwenzake. Lakini mkataba umewekwa kando. Basi onyo likapitishwa na ofisi ya ubalozi wa India mjini Islamabad, ile iliyopunguzwa watu, na India ikasema inafanya hivyo kwa ubinadamu. Pakistan ikalalamika kwamba njia siyo ile ya mkataba, lakini onyo likapokelewa. Siku zilizofuata, zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa Punjab ya Pakistan. Mto Ravi uliingia mpaka ndani ya hekalu la Kartarpur, mahali alipoishi Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Masinga, miaka yake ya mwisho. Kartarpur ni kilomita chache tu kutoka mpakani, na mwaka 2019 nchi hizi zilifungua njia maalumu ili Masinga wa India wavuke kwenda kuzuru bila viza. India iliifunga upande wake Mei 2025. Kwa hiyo Agosti ile, kwa njia ile, mahujaji hawakuvuka, maji yakavuka.

Najua yupo atakayesema mwalimu anailaumu India. Nitasema wazi ninavyoona.

Naona India ilikosea kuugusa mkataba wa maji. Waliofanya mauaji ya Baisaran hawanywi peke yao mto Chenab. Wanaounywa ni wakulima wa ngano na pamba ambao hawakuulizwa. Na tena India leo haina mabwawa ya kutosha kuizuia mito ile mikubwa, kwa hiyo kilichosimama haraka si maji, ni barua na takwimu, vitu vilevile vinavyookoa watu wakati wa gharika. Waziri mkuu Narendra Modi amekwisha kusema, tangu 2016, kwamba damu na maji haviwezi kutiririka pamoja. Ni maneno mazito na yanaeleweka kwa aliyefiwa. Lakini mto haumjui mwenye hatia.

Na naona Pakistan ina deni ambalo halilipiki kwa kukana. Novemba 2008 vijana kumi walitoka Karachi kwa njia ya bahari, wakateka mashua ya uvuvi ya India, wakawaua wavuvi wake wote, wakaitumia kufika Mumbai, wakaua watu 166. Mmoja alikamatwa hai, na Pakistan yenyewe ilikiri kwamba ni raia wake. Kundi lililowatuma, Lashkar-e-Taiba, lilikulia upande huo. Hebu jiwekeni kwenye viatu vya askari wa doria wa India baada ya usiku ule. Kila mashua inayokuja kutoka magharibi anaitazama kwa jicho la Mumbai. Waliouawa kwanza katika mkasa ule walikuwa wavuvi, na walioendelea kuulipa miaka yote hii ni wavuvi. Pakistan ingewafikisha waliopanga mauaji yale mwisho wa sheria, hadharani, ingelikuwa imewapunguzia mzigo hata watu wake wa Thatta wanaooza magerezani Gujarat.

Sheria ya kuwasaidia ipo, si lazima itungwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ibara ya 73, unasema adhabu ya kuvunja sheria za uvuvi katika ukanda wa kiuchumi wa nchi nyingine haipaswi kuwa kifungo, isipokuwa nchi husika ziwe zimekubaliana hivyo. India iliuridhia mwaka 1995, Pakistan 1997. Faini, sawa. Kurudisha samaki, sawa. Mvuvi wa ukanda ule si wa kufungwa. Kisha yale makubaliano ya 2008 yanasema mtu aliyekamatwa aonwe na ofisa wa ubalozi wake ndani ya miezi mitatu, na aachiwe ndani ya mwezi mmoja baada ya kumaliza kifungo na uraia wake kuthibitishwa. Palikuwa pia na kamati ya majaji wastaafu, wanne kutoka kila nchi, waliokuwa wakizunguka magerezani kuwasikiliza watu hawa. Ziara yake ya mwisho ilikuwa Oktoba 2013. Kukutanisha wazee wanane waliokwisha kustaafu hakugharimu hata bei ya kombora moja, na bado hakuna waziri aliyeona haraka ya kuwaita.

Halafu kuna jambo la njia. Mvuvi wa Porbandar aliyekamatwa baharini, siku akiachiwa, harudishwi kwa bahari. Anatolewa Malir, Karachi, anasafirishwa karibu kilomita 1,200 kwenda kaskazini mpaka Lahore, anavushwa kwa miguu pale Wagah, anakabidhiwa, anahojiwa, halafu anaanza safari nyingine ya kurudi kusini mpaka Gujarat. Watu wa bahari wanazungushwa nchi kavu yote kwa sababu mlango ni mmoja. Na mlango wenyewe ndio huo wa Attari.

Pale kila jioni tangu 1959 askari wa pande mbili hushusha bendera zao kwa mbwembwe, miguu inarushwa juu, watu wanapiga makofi jukwaani, na mwisho wakuu wa gwaride wa pande mbili walikuwa wakishikana mikono. Baada ya Mei 2025 sherehe ilirudi, lakini malango yalibaki yamefungwa na mikono haikushikana tena. Septemba, kwenye kriketi ya Kombe la Asia kule Dubai, wachezaji nao hawakupeana mikono. Wapo ndugu zetu wengi wanaofanya kazi Dubai. Mmoja aliniandikia kwamba chumbani kwao wanalala Mpakistani na Mhindi, na jioni ile walikula chakula chao sinia moja kama kawaida, ila televisheni waliizima.

Ninyi hapa mtakuwa makatibu wa balozi. Wengi wenu hamtasaini mkataba mkubwa hata mmoja katika maisha yenu, mtapewa mafaili ya watu waliokwama. Siku nchi mbili zikikasirikiana, wanasiasa wataulizana wakate nini, na macho yao yataangukia vitu vyenu: dawati la viza, laini ya simu, kikao cha kamishna, bahasha ya Julai mosi. Vinaonekana vidogo kwa hiyo ni rahisi kuvitoa kafara mbele ya kamera. Mimi nawaomba, mkiwa ndani ya chumba kile, msinyamaze. Semeni: mheshimiwa, mwite balozi nyumbani ukipenda, lakini hii tuiache. India na Pakistan, pamoja na yote, zimeiacha hiyo ya bahasha. Zimeacha na nyingine: tangu 1992, kila Januari mosi hupeana orodha ya vinu na vituo vyao vya nyuklia ili visishambuliwe, na Januari 2025 ilikuwa mara ya 34 mfululizo, bila kuruka mwaka hata mmoja. Kwa hiyo uwezo wanao. Inawezekana kumchukia jirani na bado kumpelekea karatasi kwa wakati.

Nimechukua muda mrefu, na naona mwenyekiti anatazama saa. Nimalizie na kazi ya kesho.

Kwa wale wa mwaka wa tatu, tunaanza saa mbili asubuhi. Nitawagawia jina moja kwa kila kundi. Ni mvuvi wa kubuni, lakini kila kitu chake nimekiokota kwenye mafaili ya kweli. Jina lake limeandikwa kwanza na askari aliyelisikia kwa Kiurdu, halafu likapigwa taipu kwa Kiingereza, na herufi moja imepotea njiani. Kitambulisho chake kilikwenda na maji. Kijiji anachokitaja kina majina mawili, la wavuvi na la serikali. Baba yake amefariki. Mwenye mashua hataki kujitokeza kwa sababu leseni yake ilikwisha. Mke wake hajui kusoma, anayo picha moja ya harusi. Mnayo miezi mitatu ya kumfikia na mwezi mmoja wa kumtoa, na mpaka umefungwa. Njooni na barua mtakayomwandikia kaimu wa upande wa pili. Barua moja, ukurasa mmoja, na jina lake liandikwe sawasawa.